Kuingia Gerezani Si Kazi, Kazi ni Kurudi

Serikali inapotangaza kwamba imewaruhusu wakaguzi huru kuingia magerezani, habari hiyo hupokewa kama ushindi. Waziri anapigwa picha akipeana mkono na mkuu wa ujumbe, taarifa inasambazwa, na kelele za nje zinatulia kwa wiki kadhaa. Mimi husubiri kwanza. Tangazo la ruhusa huwa halisemi ruhusa yenyewe ni ya kufanya nini, na hapo ndipo penye uzito wote: wataingia gereza gani, watazungumza na nani, nani atakuwa chumbani wakizungumza, na je, watarudi?

Hilo swali la mwisho ndilo linalonishughulisha. Wanaojadiliana ili waruhusiwe kuingia hutumia nguvu nyingi mno kuipata ziara ya kwanza, na mara nyingine huilipia kwa kuachia masharti ambayo hawatayapata tena. Ziara ya kwanza huwa ya mwenyeji. Ndiye aliyechagua siku, ndiye aliyefagia, ndiye aliyewahamisha wale ambao hakutaka waonekane. Mfungwa huanza kunufaika na ziara ya pili.

Tarehe 23 Juni 1944, Maurice Rossel, mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, aliingia Theresienstadt, mji ambao Wanazi waliugeuza kambi ya Wayahudi katika nchi ambayo leo ni Cheki. Mwezi mmoja kabla, watu zaidi ya 7,500 walikuwa wamepakiwa kwenye treni na kupelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz ili msongamano usionekane. Nyumba zilipakwa rangi, bustani zikapandwa, njia atakayopitishwa mgeni ikapangwa hatua kwa hatua. Rossel alitembezwa kwa saa chache bila kuzungumza faraghani na mtu hata mmoja, kisha akaandika ripoti nzuri, iliyosema pia kwamba hicho kilikuwa kituo cha mwisho na kwamba waliofika pale hawapelekwi kwingine. Vuli ya mwaka huohuo, zaidi ya watu 18,000 walitolewa pale na kupelekwa Auschwitz.

Ni rahisi kumcheka Rossel. Lakini hata mtu mwerevu kuliko yeye, akipelekwa mahali pamoja palipochaguliwa na mwenyeji, akatembezwa na afisa na kunyimwa faragha, angetoka na ripoti inayofanana na ile. Masharti ndiyo yaliyoiandika ripoti, na yalikuwa yamekwisha kukubaliwa kabla hajafika langoni.

Somo hilo liliingia kwenye sheria miaka mitano baadaye. Mikataba ya Geneva ya 1949, katika kifungu cha 126 cha Mkataba wa Tatu kuhusu wafungwa wa kivita na cha 143 cha Mkataba wa Nne kuhusu raia, inatamka kwamba wajumbe waende popote wafungwa walipo, wachague wenyewe mahali pa kutembelea, wazungumze nao bila mashahidi, na kwamba muda wa ziara na idadi yake visiwekewe mipaka. Nchi inaweza kuzuia ziara kwa sababu nzito za kijeshi tu, tena kwa muda na kama jambo lisilo la kawaida. Kwenye karatasi mambo ni safi kabisa. Tatizo ni kwamba vifungu hivyo vinahusu vita kati ya nchi na nchi. Vita vikiwa vya ndani, Kifungu cha 3 kinachojirudia katika mikataba yote minne kinasema tu kwamba chombo cha kibinadamu kisichopendelea upande kinaweza kutoa huduma zake kwa pande zinazopigana. Kinaweza kubisha hodi, kwa maneno mengine. Na pale pasipo na vita, kukiwa na ghasia, msako wa wapinzani, au magereza ya kawaida yaliyojaa mahabusu wanaosubiri kesi kwa miaka, Kamati ya Msalaba Mwekundu haina hata kifungu hicho cha kushikilia. Sehemu kubwa ya watu waliofungwa duniani wako katika kundi hili la mwisho, na kwa ajili yao hakuna njia ila kuongea na mwenye funguo.

Basi aambiwe nini? Kwa miaka mingi Kamati imeshikilia masharti yaleyale: kuwafikia wafungwa wote wanaohusika, kuingia kila sehemu wanayotumia, kuzungumza faraghani na yeyote watakayemchagua wao, kupata au kuandika orodha ya majina, na kurudi kila inapohitajika. Mwishoni wajumbe hukaa na mkuu wa gereza na kumwambia walichokiona. Katika hayo, faragha ndiyo inayoliwa kidogo kidogo zaidi ya mengine yote, kwa sababu kuivuruga hakuhitaji kuvunja makubaliano waziwazi. Askari anasimama nje ya dirisha "kwa usalama wenu". Nyapara ndiye anayeulizwa nani azungumze na wageni, na nyapara anajua nani anamlisha. Chumba cha mahojiano kimeandaliwa tayari, kina viti na maji ya kunywa, na hakuna anayejua kimetegwa nini ukutani. Mkalimani ni kijana mpole aliyetolewa na wizara.

Wenye uzoefu wana majibu yao. Huja na wakalimani wao, wasio raia wa nchi ile, wasio na ndugu mjini wa kutishwa. Humwachia mfungwa achague mahali, iwe uani au kwenye kona ya bweni. Huzungumza na watu wengi hata kama wanajua ni wachache tu wenye la kusema, ili msemaji asijulikane. Aliyekataa kuzungumza huachwa kwa heshima, na kukataa kwake pia kunaandikwa, maana bweni zima likinyamaza, ukimya huo ni taarifa.

Hata hivyo mbinu zote hizo zinaishia langoni siku wageni wanapoondoka. Aliyesema atalala palepale usiku huo, na askari walewale. Kinachomzuia mwenye kinyongo asimguse ni kujua kwamba yule mgeni atarudi, atamwita mtu huyo kwa jina, na atataka kumwona kwa macho yake. Kwa sababu hiyo mimi siioni ziara moja isiyo na ya pili kuwa nusu ya ulinzi. Inaweza kuwa hatari tupu: umemfungua mtu mdomo kisha umemwacha.

Myanmar ilitoa mtihani mgumu wa jambo hili. Kamati ilianza kuwatembelea wafungwa huko mwaka 1999, chini ya utawala wa kijeshi, na kwa miaka kadhaa kazi ilikwenda. Mwishoni mwa 2005 watawala wakaanza kudai kwamba wajumbe waandamane na watu wa jumuiya zilizo karibu na serikali. Ombi lilionekana dogo: mtu mmoja tu kwenye msafara, anaangalia tu. Kamati ilikataa na ziara zikasimama. Tarehe 29 Juni 2007 ikafanya jambo ambalo hulifanya kwa nadra sana, ikatoka hadharani kuwalaumu watawala hao. Ziara zilirejea Januari 2013.

Ni miaka saba bila mgeni. Wapo wanaosema Kamati ilikosea, kwamba afadhali mgeni mwenye mlinzi pembeni kuliko kutokuwa na mgeni kabisa, na kwamba aliyelipia msimamo ule ni mfungwa na sio mjumbe. Sina jibu la kuwanyamazisha, kwa sababu hilo la mwisho ni kweli. Lakini fikiria upande wa pili. Sharti likilegezwa Yangon, wiki ijayo afisa wa nchi nyingine ataliomba akiwa na mfano mkononi. Chombo kinachozunguka makumi ya nchi kinajadiliana nazo zote kwa wakati mmoja, hata kama kila moja inadhani iko peke yake mezani.

Afrika Mashariki ina mfano wake wa kuchelewa na kutorudi upesi. Hali ya hatari ilitangazwa Kenya Oktoba 1952, na makumi ya maelfu ya watu wakatupwa kambini wakituhumiwa kuwa Mau Mau. Wajumbe wa Kamati walipokewa kwa mara ya kwanza mwaka 1957, na Uingereza yenyewe iliiridhia Mikataba ya Geneva Septemba mwaka huo, miaka minane baada ya kuandikwa. Walitembelea kambi, wakaripoti, wakaondoka. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola, na maelezo ya kwanza ya wakoloni yakawa kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Ujumbe wa pili ulifika baadaye mwaka huo. Sidai kwamba mjumbe angeizuia ile fimbo. Ninachosema ni kwamba miaka miwili ni mingi kwa mlinzi wa kambi anayejua hakuna mtu anayetarajiwa.

Kwa nini basi mtawala akubali? Wema peke yake ni jibu la nadra. Ugiriki, kanali waliochukua nchi kwa mapinduzi ya 1967 walitia saini na Kamati, tarehe 3 Novemba 1969, makubaliano mapana ya ajabu: wajumbe wangeingia hadi vituo vya polisi, mahali ambapo mateso hutokea katika siku za mwanzo za kukamatwa. Hawakuwa wamebadilika moyo. Wiki chache mbele yao kulikuwa na kikao cha Baraza la Ulaya kilichotarajiwa kuwaondoa, na walihitaji karatasi ya kuonyesha. Desemba mwaka huo wakajitoa wenyewe kabla ya kura. Makubaliano yalikuwa ya mwaka mmoja, na mwaka ulipokwisha hawakuyaongeza.

Nauona mfano huu kuwa wa thamani kuliko mengi yanayofundishwa kuhusu ujuzi wa mazungumzo. Mlango hufunguka mtawala anapohitaji kitu kwa mtu mwingine, na hujifunga hitaji likiisha. Mwaka ule mmoja wajumbe waliutumia, wakaingia walikoingia, na sioni sababu ya kuujutia. Ila aliyekubali tarehe ya mwisho ilingane na hitaji la upande wa pili alikuwa ameshakubali pia jinsi hadithi itakavyoisha.

Ngazi ya waziri, hata hivyo, ni nusu tu ya safari. Saini ya waziri haifungui kufuli. Yupo mkuu wa gereza ambaye hakushirikishwa, yupo ofisa usalama ambaye anaamini wageni wote ni majasusi, yupo sajenti wa zamu ambaye simu ya makao makuu haijamfikia. Na hapa, kwa maoni yangu, wanaharakati wengi hukosea kwa kudhani kwamba mkuu wa gereza ni adui wa moja kwa moja. Mara nyingi ana wafungwa maradufu ya nafasi alizonazo, bomba la maji lililokufa, kifua kikuu kinachowapata hadi askari wake, na barua zake kwa wizara zimekaa kwenye faili bila jibu. Mgeni huru anayeandika kwa waziri kwamba gereza hili halina maji anamsaidia kupata kile alichokiomba bure kwa miaka. Mjumbe mzuri hulijua hilo na huanza na maji.

Kuanza na maji kuna hatari yake. Ukichimba kisima, ukaleta dawa, ukajenga jiko, serikali inaweza kuridhika kukuona kama idara yake ya huduma, na siku utakapouliza kuhusu chumba cha kuhojia utakumbushwa kwamba mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Msaada hufungua geti, na msaada huohuo hugeuka kitu cha kupoteza. Nimeona hoja kwamba mashirika yatenganishe kabisa kazi hizo mbili. Siafiki, kwa sababu kipimo cha kifua kikuu na alama za kamba mikononi huonwa na daktari yuleyule, katika mwili uleule. Ninachotaka ni kwamba shirika lijue mapema ni kipi litakubali kukipoteza.

Tatizo linalowachosha wasomaji zaidi ni usiri. Kamati ya Msalaba Mwekundu humwambia mfungaji ilichokiona na haimwambii mwingine. Wajumbe wake waliingia Abu Ghraib, gereza la Iraq lililokuwa mikononi mwa Marekani, Oktoba 2003 na kuwaeleza Wamarekani waliyoyakuta. Ripoti yao ya Februari 2004 ilibaki siri mpaka ilipovuja Mei, baada ya picha za wafungwa wakidhalilishwa ambazo dunia yote iliziona mwishoni mwa Aprili. Watu waliuliza, na wana haki ya kuuliza: mlijua, mbona mlinyamaza?

Ninautetea usiri huo, ingawa si kwa moyo mweupe. Bila huo, milango mingi isingefunguka hata ufa, na mfungwa anayezungumza na mtu atakayekwenda redioni jioni angefunga mdomo. Sheria nayo imeukubali: mwaka 1999 Mahakama ya Kimataifa ya Yugoslavia ya Zamani, katika kesi ya Simić, iliamua kwamba mtumishi wa Kamati halazimishwi kutoa ushahidi, na kanuni za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai zikaweka ulinzi huo katika kanuni ya 73. Lakini usiri una thamani pale tu mfungaji anapoamini unaweza kuisha. Kamati yenyewe husema itatoka hadharani endapo ukiukaji ni mkubwa na unajirudia, na mazungumzo ya faragha hayajaleta mabadiliko. Swali la haki la kuiuliza ni mara ngapi imethubutu. Huko Myanmar ilithubutu. Mtawala akishajifunza kwamba mgeni hatatoka hadharani kamwe, amepata shahidi bubu anayeweza kumtaja kwenye hotuba zake.

Wapo waliotaka kuikimbia biashara hii yote ya kubembeleza. Mmoja wao alikuwa Jean-Jacques Gautier, mwanabenki wa Geneva, aliyetazama kazi ya Kamati magerezani na kuuliza kwa nini nchi zisitoe ridhaa mara moja, kabla mgogoro haujatokea. Wazo lake lilizaa kamati ya Ulaya ya kuzuia utesaji kupitia mkataba wa 1987, kisha Itifaki ya Hiari ya Mkataba dhidi ya Utesaji, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2002 na kuanza kutumika Juni 2006. Nchi ikiridhia, Kamati Ndogo ya wataalamu 25 inaweza kuingia mahali popote watu wanapozuiliwa, na nchi yenyewe inatakiwa kuwa na chombo chake huru cha kufanya hivyohivyo mwaka mzima. Kanuni za Nelson Mandela za 2015 nazo zinataka wakaguzi wa nje wachague magereza wenyewe na waweze kufika bila taarifa.

Naipenda itifaki hiyo, lakini wanaoitaja kana kwamba imemaliza mazungumzo wanajidanganya. Mei 2016 Kamati Ndogo ilisitisha ziara yake Ukraine kwa kuzuiwa kuingia sehemu za idara ya usalama, ikaruhusiwa kuimalizia Septemba. Oktoba 2017 ilisitisha ya Rwanda, ikieleza vikwazo na hofu ya waliohojiwa kulipiziwa kisasi, na mwaka uliofuata ikaifuta. Oktoba 2022 ilikuwa zamu ya Australia, ambako majimbo ya New South Wales na Queensland yaliwafungia milango. Februari 2023 ikatangaza kwamba ziara hiyo haitaendelea. Zote tatu zilikuwa zimeridhia. Ridhaa ya mapema humpa mkaguzi kitu cha kunyooshea kidole, na hilo lina faida, ila getini bado yupo mtu.

Katika hayo yote, jambo ninaloona linapewa uzito mdogo kuliko linavyostahili ni daftari. Magodoro na vyakula hupigwa picha. Orodha ya majina haivutii mtu. Lakini mgeni akiwa na majina kutoka ziara ya kwanza, ziara ya pili ina swali lisiloweza kujibiwa kwa rangi mpya ukutani: fulani alikuwa hapa, yuko wapi? Kuna jibu la kuhamishwa, la kuachiwa, la kufa, na kila jibu lina karatasi inayoweza kudaiwa. Marekani ililielewa hilo vizuri. Watu 14 waliowekwa katika magereza ya siri ya shirika lake la kijasusi walionwa na Kamati kwa mara ya kwanza Oktoba 2006, baada ya kuhamishiwa Guantánamo, kambi ya kijeshi ya Marekani kisiwani Cuba, na mmoja wao alikuwa ameshikiliwa tangu Machi 2002. Maombi ya kuwaona yalikuwa yametumwa tena na tena. Guantánamo yenyewe ilikuwa ikitembelewa tangu Januari 2002.

Daftari peke yake nalo halitoshi. Mei 2022 Kamati iliandikisha mamia ya wapiganaji wa Ukraine waliokuwa wakitoka kiwanda cha Azovstal, Mariupol, na kuingia mikononi mwa Urusi. Majina yalikuwepo. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Julai, mlipuko uliua zaidi ya wafungwa 50 katika gereza la Olenivka, eneo la Ukraine lililoshikiliwa na Urusi, ambako wengi wa Azovstal walikuwa wamepelekwa. Kamati iliomba kuingia na haikuruhusiwa, ingawa hapa kifungu cha 126 kinahusika bila ubishi. Tangu tarehe 7 Oktoba 2023, siku Hamas iliposhambulia Israeli, imezuiwa pia kuwatembelea Wapalestina waliomo katika magereza ya Israeli, na waliotekwa na kupelekwa Gaza nao hawakutembelewa.

Kwa hiyo ningetaka tarehe ya ziara ya pili iandikwe ndani ya makubaliano ya ziara ya kwanza, pamoja na jina na namba ya simu ya afisa atakayepokea simu wajumbe wakigomewa getini usiku. Ningekuwa tayari kuichelewesha ya kwanza kwa wiki kadhaa ili kuyapata hayo, nikijua kwamba wiki hizo zinalipwa na walio ndani, na kwamba hakuna atakayekwenda kuwauliza kama wanakubali.